Sahani ya Bwana wa Kabuga

Salma mwanangu,

Mama yako yuko jikoni anakukaangia chapati za njiani, nyingi za kulisha basi zima, na maagizo ya safari amekwishakupa yote: pasipoti uiweke wapi, nani umpigie ukifika Dar es Salaam, mlango uufunge vipi usiku. Mimi hapo sina la kuongeza. Nimekaa kwenye cherehani yangu dukani, mlango nimeuegesha ili wateja wadhani nimekwenda msikitini, nawe umekwenda kuwaaga wenzako. Naandika kabla hujarudi, kwa sababu nikikuona usoni nitakupiga chenga kama ninavyokupiga chenga miezi hii yote.

Najua umenikasirikia. Usibishe. Tangu ulipoamua kwenda kufungua biashara yako ya sare, ombi lako limekaa kwenye simu yangu, kwenye ule mtandao wa watu wa kazi: unataka baba yako, fundi aliyekufundisha, akuandikie pendekezo ambalo wateja wako wapya watalisoma. Kila nikifungua simu nalikuta. Wiki iliyopita mezani ukashindwa kuvumilia, ukasema mbele ya mama yako, "Baba, mtu baki ulimwandikia. Mimi mwanao unaninyima?" Nikasema chai imepoa, nikanyanyuka. Salma, ile chai ilikuwa inanichoma ulimi.

Ulifikiri nakuona hujui kazi. Siyo hivyo hata kidogo. Naogopa maneno yangu mwenyewe, na leo nitakwambia kwa nini, ingawa nusu ya habari hii unaijua, maana vidole vilivyoiandika ni vyako. Nisamehe kwa hilo kuliko mengine yote.

Unakumbuka tulivyoanza. Ulikuwa bado shuleni, ukanipiga picha nimeinamia cherehani, ukanifungulia ukurasa kwenye ule mtandao, ukaniandika "mtaalamu wa mavazi". Nilicheka mpaka miwani ikaanguka. Mtaalamu! Mimi, mtoto wa fundi wa kanzu wa Nyakabanda! Halafu yule meneja wa hoteli akaiona picha, akaja na gari mpaka hapa mlangoni, akaagiza sare za wahudumu wake wote. Baada yake akaja mwingine wa zahanati. Sikuwa nimepata kazi kama hizo tangu nianze kushona. Ada yako ya shule ilitoka hapo, kwa hiyo usinisikie nikiutukana huo mtandao. Ulitulisha.

Ila kichwa kikavimba. Nikitoka kuswali alfajiri nafungua simu kabla ya kufungua mlango. Tulikuwa watu watatu humu ndani, mimi, Sifa na yule mzee wa kupiga pasi, nami nikakwambia uandike "timu ya mafundi". Kila aliyeomba kuunganishwa nami nilimkubali, kama mtu anavyoitikia salamu barabarani. Wanawake wa mtaani wakija na nguo za kupunguza nawaambia waziache hapo, na macho yangu yako kwenye simu.

Sifa lazima nimweleze vizuri, kwa sababu wewe ulimjua kama dada wa dukani tu. Alikuja hapa msichana mdogo, mama yake akamwacha mlangoni na mfuko wa nguo, akasema, "Mfundishe, ana mikono." Kweli alikuwa na mikono. Matundu ya vifungo aliyashona kwa sindano, na ukiyatazama huamini kwamba ni mtu aliyeyashona. Wateja wa kanzu walikuwa wananiuliza, "Hii ataishona yule binti?" wakati mimi fundi mkuu nimesimama palepale. Nilikuwa naona wivu kidogo, na nilimpenda kama mwanangu.

Sasa ndio akatokea bwana wa Kabuga. Sitaliandika jina lake, unalijua. Alikuwa na karakana ya kushona kule Kabuga, kubwa, mashine zimepangwa kwa mistari, picha zake zinang'aa. Hatukuwahi kuonana. Siku moja nikafungua simu nikakuta ameniandikia pendekezo: kwamba mimi ni fundi wa kuaminika, kwamba amefanya kazi nami muda mrefu, kwamba Kigali hii hakuna kama mimi. Nilijua ni uongo. Nikalisoma mara ya pili, nikamwita mama yako aje asikie.

Umekulia mtaa huu, unajua mambo ya sahani za futari. Jirani akikuletea sahani ya sambusa jioni ya Ramadhani, humrudishii tupu. Mama yangu alikuwa akikosa kabisa anaweka hata ndizi mbili, hata chumvi, na siku ambayo hakuwa na kitu sahani ya watu ililala kwetu mpaka kesho yake, kwa aibu. Basi mimi nikayachukua maneno ya yule bwana kama sahani ya futari. Kaniletea vizuri, nitamrudishia vipi tupu? Nikaona aibu, Salma. Nikaona ni kukosa adabu. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, na lilikuwa jambo rahisi kujiambia, kwa sababu yale maneno yake yalikuwa yananiletea wateja.

Nikakuita. Ulikaa pale kwenye meza ya kukatia, na daftari lako la hesabu pembeni. Nikakutajia, ukaandika: "Karakana yake nimeiona kwa macho yangu. Ni mtu anayewajali wafanyakazi wake kama watoto wake mwenyewe." Ukasimama, ukanitazama, ukaniuliza, "Baba, umekwenda lini Kabuga?"

Nikasema, "Andika tu."

Ukaandika. Ungefanya nini? Baba yako ndiye aliyesema.

Yanayofuata huyajui. Baada ya zile sare za hoteli nilinunua mashine ya matundu ya vifungo, na kazi ya Sifa ikapungua. Alikuwa anakaa pale kwenye kiti chake anaokota pini zilizoanguka. Nilikuwa natafuta namna ya kumwambia kwamba kazi haimtoshi tena, nikawa naahirisha, leo, kesho. Halafu asubuhi moja akaja na simu yake mkononi. Yule bwana alikuwa anatafuta mafundi, na Sifa alikuwa ameuona ukurasa wake, na kwenye ukurasa ule ameniona mimi. Akasimama mbele ya cherehani yangu.

"Baba Salma, huyu bwana unamjua vizuri?"

Nilikuwa natia uzi kwenye sindano. Ningeweza kusema simjui. Ningeweza kusema ngoja, Jumamosi twende wote Kabuga tukaone. Kwa basi ni safari fupi tu. Nguo ya mtu yeyote ikiletwa hapa, kitu cha kwanza ninachofanya ni kuigeuza nione upande wa ndani, mishono ilivyokaa, hata kama ni ya waziri. Hivyo ndivyo nilivyokufundisha wewe na yeye. Na siku ile nikamwambia, bila kuinua kichwa, "Si nimeandika?"

Akacheka, akasema, "Basi sawa, mzee." Na mimi, Mungu anione, nikapumua. Nikaona mzigo umenitoka wenyewe. Huo ndio uchafu wenyewe, mwanangu: sikukosea kwa kutojua tu, ilinifaa pia aende.

Kilichompata ulikisikia, lakini ulikisikia kama ajali. Ile mashine ya kukatia vitambaa ina kinga ya chuma mbele ya kisu. Yule bwana alikuwa ameitoa kwenye mashine zake zote, kwa sababu inachelewesha kazi, na kila mtu aliyefanya kazi pale alikuwa anajua. Sifa hakuwa hata mkataji. Walimweka hapo siku ambayo mwenzake hakuja. Vidole vitatu vya mkono wa kulia, Salma. Wakamwambia hakuwa makini.

Nilikwenda hospitali mara moja. Nilibeba maziwa na mkate. Mama yake alikuwa amekaa chini pembeni ya kitanda, akanishukuru kwa kuja. Akanishukuru! Nami nikamwambia mwihangane, vumilieni, hii ni kadari ya Mungu. Nililichukua jina la Mungu nikajifichia humo. Sifa alikuwa amegeukia ukutani, nadhani alikuwa macho. Sikurudi tena. Na wewe uliporudi kutoka shule ukauliza habari zake, nikasema ni ajali ya kazi, masikini, nikabadilisha mazungumzo. Nilijiambia nakulinda, kwamba ukijua utakumbuka simu ilikuwa mkononi mwa nani. Labda. Lakini zaidi nilikuwa najilinda mimi.

Kwa nini nakwambia leo? Kwa sababu juzi nilikusikia. Ulikuwa uani unaongea na simu, na yule msichana mwenye duka la vitambaa huko Dar ambaye hujawahi kukutana naye, ukasema kwa furaha, "Ntakibazo, hakuna shida, we niandikie, na mimi nitakuandikia!" Nilikuwa nimeshika birika, nikaliweka chini. Sauti ilikuwa yako na maneno yalikuwa yangu.

Basi leo asubuhi nikakwenda Gitega, humu humu Kigali, kumtafuta Sifa. Nilijua yuko huko, watu walikwishaniambia, na kwa muda wote huu nikienda mjini nilikuwa napita barabara nyingine. Anauza nyanya na vitunguu mbele ya nyumba yao. Nilisimama mbali kidogo nikamwangalia anavyomhudumia mteja. Mfuko wa karatasi anaushikilia kwa kidevu, anaukunja mdomo kwa mkono wa kushoto, na ule wa kulia unasaidia kwa kiganja tu. Mikono iliyoshona yale matundu ya vifungo! Nilitaka kugeuka nirudi nyumbani. Akaniona.

"Karibu, mzee," akasema, akanivutia kigoda. Nikakaa. Nikasema tu kwamba sikuwahi kufika kwenye ile karakana, kwamba yule bwana sikumjua hata kwa sura, kwamba aliponiuliza nilimdanganya.

Hakushtuka. Alikuwa anapanga nyanya, akaendelea kuzipanga.

"Nilijua," akasema. "Siku ya kwanza tu nimemsalimia kutoka kwako, akauliza Hamisi gani." Halafu akasema, "Mimi ile siku sikuuliza simu, mzee. Simu nilikuwa nimeshaisoma. Niliuliza wewe."

Nililia, Salma. Pale barabarani, na ndevu zangu hizi, watu wanapita na ndoo zao za maji. Hakunibembeleza, na hakunifukuza. Alisubiri nimalize, kisha akaniambia jambo ambalo ndilo limenikalisha hapa kuandika.

"Ile maneno yako iko pale bado."

Sikuelewa. Akaniambia ana jirani, binti mdogo aliyemaliza kujifunza cherehani juzi tu. Yule bwana alifunga kidogo baada ya ajali, akafungua tena, anatafuta mafundi. Binti akaja na simu kumwonyesha Sifa kwa furaha: "Dada, ona, kuna mzee wa Nyakabanda anasema huyu bosi anajali watu kama watoto wake. Ameona kwa macho yake." Anaanza kazi Jumatatu.

"Nimemuonesha mkono," Sifa akasema. "Akasema pole, dada, ajali iko kila pahali. Maneno yako anaamini kuliko mkono yangu." Akaniuliza, bila hasira, kama mtu anayeuliza bei, "Miaka yote hii, mzee, kwa nini hukutoa?"

Nitakujibu wewe, kwa sababu yeye nilishindwa kumjibu. Mwanzoni sikufikiria kabisa kwamba bado yako pale. Nilidhani maneno ya simu yanapita kama redio. Halafu nikafikiria, nikaona nikiyatoa yangu, naye atayatoa ya kwake, na ukurasa wangu utabaki mtupu mbele ya wateja. Halafu, na hili ndilo kubwa, sijui yanatolewaje. Wewe ndiye uliyeyaweka. Ningekuomba uyafute, ungeuliza kwa nini. Kwa woga wa swali moja la mwanangu nimeyaacha yasimame mlangoni kwa yule bwana yakiwakaribisha watoto wa watu.

Huo mtandao utauhitaji. Nani atakujua Dar es Salaam usipojitangaza? Weka kazi zako, jibu watu, salimia unaotaka wakujue. Nikikwambia uache nitakuwa mnafiki. Ila ukipiga picha ya koti, piga na upande wa ndani. Kama mko wawili, sema tuko wawili, mtu mwenye kazi ya watu wawili atakuja. Na mtu akikuletea sifa usizostahili, acha aibu ikushike, irudishe ile sahani tupu. Mimi aibu ya sahani tupu ingeniuma siku mbili tatu. Hii niliyonayo naamka nayo.

Yule msichana wa vitambaa, mpigie ukifika. Nenda dukani kwake kwa miguu yako, shika kitambaa, kaa naye, muone anavyoongea na wanaomfanyia kazi wakati anadhani humsikilizi. Ukitoka hapo, mwandikie unachotaka. Huenda ni mtu mwema kabisa. Sijui, nawe bado hujui.

Sasa nakuomba. Kesho ukimaliza kuswali alfajiri, kabla mama yako hajaanza kulia, njoo dukani ukae na mimi. Simu iko kwenye droo ya vifungo. Nimejaribu mwenyewe leo tangu nirudi kutoka Gitega, nikabonyeza huku na huku, nikaishia kumpelekea mtu wa Musanze pongezi za kazi mpya. Nifutie yale maneno. Kisha kwenye ukurasa wangu mwenyewe niandikie kwamba sikuwahi kufika Kabuga, kwamba nilisema uongo, na kwamba kule kinga za visu zimetolewa na mtu ameumia. Safari hii sitakwambia uandike tu. Uliza chochote utakacho, nitakujibu. Wateja wakikimbia, wakimbie, mikono yangu yote miwili ninayo.

Basi lako likiondoka nitakwenda moja kwa moja Gitega. Sifa amesema atanipeleka kwa mama wa yule binti. Hakusema amenisamehe, na mimi sikumuuliza. Sijui kama binti atanisikiliza, maana nitakuwa mzee asiyemjua anayempinga mzee anayemwamini. Lakini nitakaa mlangoni kwao mpaka anisikie.

Na pendekezo lako nimeliandika. Liko hapa chini. Liingize kama lilivyo, usilipambe, na usiondoe hata yale yasiyokupendeza:

"Salma ni binti yangu, kwa hiyo nisomeni kwa tahadhari. Nimemwona akifumua mkono wa koti mara tatu bila kuambiwa, kwa sababu ulikuwa umekaa vibaya kidogo sana, na mteja mwenyewe hakuwa ameona. Nimemwona akimwambia mteja kwamba kitambaa alicholeta kitapauka, na mteja akaondoka. Hasira zake ziko karibu, na akichoka hukata haraka kupita kiasi. Wateja wake wa huko aendako sijawaona, kwa hiyo juu yao sisemi. Siku moja, akiwa bado mtoto wa shule, alinitazama akaniuliza, Baba, umekwenda lini Kabuga? Katika mafundi wote niliowahi kufanya nao kazi, yeye ndiye wa kwanza kuuliza. Nilipaswa kumjibu."

Baba yako,
Hamisi